Mkoa wa Fujian: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wafanyabiashara wetu wengi wakisema "nimekwenda China" huwa wamefika Guangzhou, wakafunga mzigo na kurudi. Fujian ni jirani wa mlango wa pili, na huulizwa zaidi na wanafunzi, mabaharia na wapenda historia ya pwani. Nimekusanya hapa maswali ninayokutana nayo mara nyingi. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache, na mengine nimeshindwa kujizuia.

Fujian iko wapi, na ni kubwa kiasi gani?

Iko kusini-mashariki mwa China, ufukweni, ikitazamana na kisiwa cha Taiwan. Kaskazini imepakana na Zhejiang, magharibi na Jiangxi, kusini na Guangdong. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 120,000, yaani Malawi na kidogo juu yake. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 41.5. Kwa hiyo neno "mkoa" lisikupeleke kwenye Tanga au Kigoma, maana mkoa huu mmoja una watu wanaokaribia idadi ya Kenya nzima.

Makao makuu ni Fuzhou. Miji mingine utakayoisikia sana ni Xiamen, mji wa bandari ulioko kisiwani, na Quanzhou, ambao ndio utakaokula nafasi kubwa hapa chini. Matamshi: Xiamen sema "Shyamen", Quanzhou sema "Chwenjo". Ukiyasoma kama yalivyoandikwa hakuna dereva wa teksi atakayekuelewa.

Kwa nini kwenye magari na vyakula huandikwa "Min" badala ya Fujian?

Min ndilo jina la mkato la mkoa, na pia la mto wake mkubwa, unaoshuka kutoka milimani hadi baharini karibu na Fuzhou. Herufi yake ya Kichina ni mlango wenye mdudu ndani. Wazee wa kamusi waliifafanua kuwa ni watu wa kusini-mashariki, wa ukoo wa nyoka. Jina la Fujian lenyewe lilitungwa zama za watawala wa ukoo wa Tang, karne ya 8, kwa kuunganisha majina ya miji miwili, Fuzhou na Jianzhou. Tanganyika na Zanzibar hawakuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Ni kweli watu wa mkoa mmoja hawaelewani lugha?

Kweli kabisa, na sababu ni milima. Wenyeji husema ardhi yao ni "sehemu nane milima, moja maji, moja shamba". Milima ya Wuyi, iliyopakana na Jiangxi, inapita mita 2,100 kwa urefu, na ndani ya mkoa kila bonde limefungiwa na lake. Barabara hazikuwepo. Mtu aliyezaliwa bonde hili aliweza kufa bila kuvuka kwenda la pili.

Mchaga ataelewa upesi: Mrombo na Mmachame wako mlima mmoja, lakini kila mmoja na Kichaga chake. Fujian ni hivyo hivyo, tena zaidi. Kusini, kuanzia Quanzhou hadi Xiamen na Zhangzhou, wanasema Kimin cha Kusini, ambacho ng'ambo kinajulikana kama Hokkien. Fuzhou wana Kimin cha Mashariki. Putian, mji ulio katikati yao, una chake. Ndani milimani kuna cha Kaskazini na cha Kati. Magharibi wako Wahakka, wenye lugha isiyo ya Kimin kabisa. Mtu wa Fuzhou na mtu wa Xiamen wakikutana huzungumza Kichina sanifu, la sivyo wataonyeshana vidole.

Kisha kuna Washe, kabila dogo lenye makazi mengi zaidi upande wa Ningde, kaskazini-mashariki. Siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda ya mwezi hupika wali mweusi, uliotiwa rangi kwa majani ya mwituni.

Neno "chai" lilitoka huko?

Hapana, na hapa pana kisa kizuri. Karibu China yote huiita *cha*. Neno hilo lilisafiri nchi kavu hadi Uajemi likawa *chay*, likaenea India na Uarabuni, na sisi tukalipata kupitia Bahari ya Hindi. Lakini Kimin cha Kusini huiita *te*. Waholanzi walinunua chai yao kwa wafanyabiashara wa Hokkien, wakachukua na neno. Kutoka kwao likaingia Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Kwa hiyo ukitaka kujua nchi fulani ilipata wapi majani yake ya kwanza, sikiliza tu wanayaitaje.

Majani yenyewe ndiyo hasa ya Fujian. Kijiji cha Tongmu, ndani ya Wuyi, hukausha chai kwa moshi wa misonobari, na inasemwa kwamba chai nyeusi ya kwanza duniani ilitengenezwa hapo. (Wachina huiita "chai nyekundu", kwa kutazama maji na si majani. Chai yetu ya rangi wangeielewa.) Anxi wana Tieguanyin, Fuding wana chai nyeupe, Fuzhou huchanganya majani na maua ya asumini. Kwenye mwamba mmoja huko Wuyi imebaki miti sita ya zamani ya Da Hong Pao, chai maarufu ya huko, na tangu 2006 haichumwi tena. Wageni hupanga foleni kuipiga picha kwa mbali.

Mwaka 1849 Mskoti aitwaye Robert Fortune alipenya hadi Wuyi akiwa amevaa Kichina, akitumwa na kampuni ya Waingereza ya India Mashariki. Aliondoka na miche, mbegu na ujuzi, na alipokwenda India aliwachukua hata mafundi. Siku hizi tungeuita ujasusi wa viwanda.

Zaitun ni mji gani? Nimeukuta kwa Ibn Battuta.

Ndiyo Quanzhou. Mji ulikuwa umezungukwa na miti ya maua mekundu iitwayo *citong*, na Waarabu, kwa masikio yao, wakasikia *zaytun*. Ibn Battuta mwenyewe, yule msafiri wa Morocco, alishangaa akaandika kwamba hakuna mizeituni mjini humo wala China nzima, ila jina ndilo hilo. Huyu ni yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuusifia mji wa Kilwa. Zaitun alifika katika miaka ya 1340, akasema bandari yake ni miongoni mwa kubwa duniani, kisha akajisahihisha: ndiyo kubwa kuliko zote. Aliona merikebu kubwa zipatazo mia, na vyombo vidogo havina hesabu.

Mji huu ulikua kwa sababu ile ile ya milima. Shamba lilikuwa dogo, kwa hiyo watu wakageuzia uso baharini. Mwaka 1087 serikali ya Song iliweka hapo ofisi ya forodha ya biashara ya bahari. Vyombo viliondoka majira ya baridi kwa upepo wa kaskazini-mashariki na kurudi kiangazi kwa upepo wa kusini-magharibi. Sisi tunazijua pepo hizo kwa majina ya kaskazi na kusi. Nje ya mji, kwenye kilima cha Jiuri, maofisa walipanda kuomba upepo mwema na kuchonga kumbukumbu za dua hizo kwenye majabali. Maandishi yapo hadi leo, na ukiyaona utadhani ni waraka wa manahodha wa Lamu.

Mwaka 1974 watafiti walifukua jahazi la zama za Song kwenye matope ya Houzhu, nje ya mji. Ndani mlikuwa na miti ya manukato, pilipili manga, ubani na ambari. Kila bibi wa pwani ana angalau kimoja kati ya hivyo kwenye kijaluba chake.

Kingine cha kutazama ni daraja la Luoyang, lililojengwa 1053 hadi 1059 chini ya gavana Cai Xiang, mahali ambapo mto unakutana na bahari na maji huvuta kwa nguvu. Mafundi walipanda chaza kwenye misingi ili makombe yao yagande na kushika mawe pamoja. Saruji iliyo hai. Kuvua chaza hao kulikatazwa.

Mji ulianguka polepole. Vita vya ndani vya 1357 hadi 1366 viliwafagilia mbali wageni wengi, kisha watawala wa Ming wakapiga marufuku biashara ya binafsi ya baharini, na bandari yenyewe ikajaa mchanga. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo 22 ya Quanzhou kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kuna Waislamu?

Wapo, wachache sasa, ila alama zao ni za kale. Msikiti wa Qingjing mjini Quanzhou ulijengwa mwaka 1009, sawa na mwaka 400 wa Hijria. Ukuta una maandishi ya Kiarabu yanayosema ulikarabatiwa mwaka 1310 na mtu wa Shiraz. Ndiyo, Shiraz ile ile ambayo wazee wetu wa Kilwa na Unguja huitaja. Paa la ukumbi wa swala lilianguka zamani, zimebaki kuta za mawe na mbingu juu yake.

Kwenye kilima cha Lingshan kuna makaburi mawili ambayo mapokeo husema ni ya masahaba waliokuja kuhubiri. Hapo pia pana jiwe la mwaka 1417 linalokumbusha ziara ya Zheng He, mkuu wa misafara ya meli za mfalme wa China, kabla ya kusafiri kwenda Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi.

Kinachonigusa zaidi ni ukoo wa Ding, kule Chendai, upande wa Quanzhou. Asili yao ni Waislamu waliotoka magharibi, lakini baada ya karne nyingi wengi wamekuwa kama majirani zao kwa dini na chakula. Nguruwe wanakula. Ila wanapowatolea mababu sadaka, mezani nguruwe haiwekwi. Wazee hawali, na hakuna anayethubutu kuwalazimisha.

Zheng He aliondokea hapa kuja Malindi?

Zheng He hakuwa Mfujian, alizaliwa Yunnan. Lakini msafara wake ulikuwa ukitia nanga Changle, mlangoni mwa mto Min, kusubiri upepo wa majira ya baridi, kisha ndipo uingie bahari kuu. Katika safari ya 1417 hadi 1419 watu wake walifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga wa Malindi alikuwa ameshafika ikulu ya China mwaka 1415 na kupokewa kama mnyama wa baraka.

Changle kuna jiwe alilosimamisha mwaka 1431, na linasomeka kama orodha ya forodha: Mogadishu ilitoa punda milia na simba, Barawa ikatoa ngamia na mbuni. Upande wetu, mwaka 2013 wachimbaji kisiwani Manda walipata sarafu ya mfalme Yongle, yule yule aliyemtuma. Ukitembelea makaburi ya nguzo ya Kunduchi au Mambrui utaona mahali palipopachikwa vyombo vya China.

Zile nyumba za duara kama uwanja wa mpira ni nini?

Huitwa *tulou*, nyumba za udongo. Ziko kusini-magharibi, wilaya za Yongding, Nanjing na Hua'an. Si duara zote, nyingine ni za mraba. Ukuta wa nje ni wa udongo ulioshindiliwa, unene wa mita moja na nusu hadi mbili chini, na mlango ni mmoja. Ndani wanaishi watu wa ukoo mmoja, kubwa kabisa zikichukua watu mpaka 800. Chini majiko, juu yake ghala la nafaka, juu zaidi vyumba vya kulala, na katikati ya ua pana mahali pa mababu. Chengqilou, iliyokamilika 1709, ina duara nne, moja ndani ya nyingine.

Zilijengwa hivyo kwa sababu ya majambazi na ugomvi wa koo. Wageni hudhani ni za Wahakka peke yao, lakini watu wa Kimin cha Kusini nao walizijenga. UNESCO ilisajili 46 mwaka 2008. Siku hizi vijana wengi wameondoka, na utakuta wazee wachache wanauza chai kwa watalii uani. Jiandae kushawishiwa.

Mazu ni nani?

Ni msichana wa ukoo wa Lin aliyezaliwa mwaka 960 kisiwani Meizhou, mkoani humu, upande wa Putian. Simulizi husema alikuwa akiwaokoa wavuvi kwenye dhoruba, akafariki mwaka 987 akiwa bado kijana. Wavuvi wakaanza kumwomba, wafalme wakampa vyeo, na sasa ana mahekalu popote palipofika baharia wa Fujian: Taiwan, Malaysia, Vietnam, hata Marekani. Lile jiwe la Zheng He la Changle lilikuwa la kumshukuru yeye, ingawa Zheng He alitoka familia ya Kiislamu. Baharini mtu hachagui wa kumshukuru.

Wanakula nini? Na halali je?

Bahari na supu. Mtu wa Fuzhou akikaa mezani bila supu anahisi hajala. Kuna chapati ya mayai na chaza, tambi za *shacha* za Xiamen zenye mchuzi wa njugu na viungo, na supu tamu ya karanga ya asubuhi. Fuzhou ni mji wa mipira ya samaki yenye nyama ndani. Chakula cha heshima ni "Budha karuka ukuta", chungu kimoja chenye vitu vya baharini vya bei mbaya vilivyochemshwa siku nzima au zaidi. Xiamen watakuletea pia kitu cheupe kinachotikisika kama jeli, na ndani yake mna minyoo ya ufukweni. Nilikula kabla sijaambiwa. Ladha haina neno, habari ndiyo inayosumbua.

Kwa Mwislamu tahadhari ni moja: mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye mboga na vitafunwa, na muuzaji hatafikiria kukutajia. Njia rahisi ni migahawa ya tambi za Lanzhou, inayoendeshwa na Waislamu kutoka kaskazini-magharibi. Iko kila mji, na zamani mara nyingi kibao chake kilikuwa na maandishi ya Kiarabu.

Mbona Wafujian wamejaa Singapore, Ufilipino na New York?

Rudi kwenye milima. Watu wengi, shamba dogo, bahari mlangoni. Walianza na Luzon (kisiwa cha Ufilipino), Java na Malaka, baadaye Penang na Singapore. Wa Fuzhou, Changle na Fuqing walichelewa kidogo, wakaenda Japani, Ulaya na New York, wengi kwa njia za panya na madeni makubwa ya nauli.

Waliokwenda walirudisha vitu. Mwaka 1593 mfanyabiashara Chen Zhenlong alileta viazi vitamu kutoka Luzon, mwaka uliofuata ukame ukapiga, na gavana Jin Xuezeng akahimiza vilimwe. Vikaokoa watu. Kumbuka kiazi kitamu asili yake ni Amerika, kwa hiyo kilizunguka dunia kufika hapo. Katika karne ya 20, Tan Kah Kee, aliyetajirika kwa mashamba ya mpira huko Singapore, alianzisha Chuo Kikuu cha Xiamen mwaka 1921. Vijijini utaona majumba ya ghorofa nne, marembo, yamefungwa. Wenye nayo wako ng'ambo, huja mwaka mpya.

Leo wanaishi kwa kazi gani?

Jinjiang na Putian ni viatu vya michezo, na Putian inajulikana pia kwa nakala za viatu vya watu, kwa hiyo mnunuzi fungua macho. Jinjiang wana pia vigae. Dehua ni vyombo vyeupe vya kaure tangu zamani. Ningde, iliyokuwa mji wa wavuvi na watu maskini, sasa ni makao ya CATL, kampuni kubwa ya betri za magari ya umeme.

Kwa Afrika Mashariki, jina la kukumbuka ni *juncao*: mbinu ya kuotesha uyoga kwa majani badala ya magogo, iliyobuniwa 1986 na Profesa Lin Zhanxi wa Fuzhou. Rwanda imekuwa ikiwafundisha wakulima mbinu hiyo kwa miaka mingi. Mkoa wenye shamba dogo ulikuwa na haja nayo kwanza.

Taiwan iko karibu kiasi gani?

Mlango wa bahari una upana wa kilomita 130 hivi pale pembamba zaidi. Lakini visiwa vya Kinmen, vinavyotawaliwa na upande wa Taiwan, viko kilomita chache tu kutoka Xiamen, na feri huchukua kama nusu saa. Mwaka 1958 pande mbili zilipigana kwa mizinga. Mafundi wa Kinmen waliokota vyuma vya makombora wakatengeneza visu vya jikoni, na hadi leo watalii kutoka China bara huvinunua kurudi navyo.

Niende lini, na nitembeeje?

Oktoba hadi Desemba: kukavu, baridi ya wastani. Mei na Juni ni mvua isiyokatika, Julai hadi Septemba ni joto na vimbunga. Kimbunga Meranti kiliipiga Xiamen usiku wa kuamkia Septemba 15, 2016, kikang'oa miti kwa maelfu. Tangazo la kimbunga likitoka usibishane nalo, nunua maji ukae ndani.

Treni mpya iliyofunguliwa Septemba 2023 inatoka Fuzhou hadi Xiamen chini ya saa moja, ikikatiza juu ya ghuba ya Quanzhou. Kwenye tulou bado ni basi na kona.

Nikialikwa chai, nifanyeje?

Kubali. Vikombe ni vidogo kama vya kahawa ya barazani, na mwenyeji ataosha vikombe kwa maji ya moto na kumwaga chai ya mkupuo wa kwanza, hajakosea. Kunywa kwa mafunda mawili matatu. Akikumiminia tena, gonga meza polepole kwa vidole viwili, ndiyo asante bila kukatiza mazungumzo. Ataendelea kumimina kila kikombe kikiwa tupu, kwa hiyo ukitosheka, kiache kikiwa kimejaa.